Mazoezi ya viunzi kwa Afande, Arusha: elfu 60 kwa mwezi, inalipa?

Nianze na bei mana najua wengi ndo mnaitafuta hiyo kwanza. Elfu 60 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi jioni, alafu Jumamosi asubuhi saa 12 na nusu. Hakuna hela ya kujiunga wala jezi ya lazima. Likizo ya mwezi wa 6 anafundisha kila siku kasoro Jumapili na hapo inapanda hadi laki, ukiwa na watoto wawili we ongea nae tu, anakupunguzia wa pili. Risiti hakuna, anaandika kwenye kaunta buku lake na wewe unasaini pembeni, basi.

Sasa ni kitu gani hasa. Ni mazoezi ya mbio za kuruka viunzi kwa watoto wa sekondari, wachache wa darasa la sita na la saba wapo, kwenye uwanja wa shule moja huku upande wa Njiro. Sio jimu, sio kupunguza kitambi, na sio maandalizi ya usaili wa jeshi japo kuna wazazi wanakuja wakidhani ni hivo, hilo nitalirudia mana ndo limenifanya nikae niandike. Mwalimu ni mwanajeshi mstaafu wa JWTZ, watoto wanamwita Afande na sisi wazazi tumeiga. Akiwa sekondari alikua mkali wa viunzi mita 110, mkoa ukampeleka UMISSETA, yale mashindano ya taifa ya shule za sekondari, na watu wa umri wake hapa mjini bado wanamkumbuka kwa hilo kuliko kwa cheo alichotoka nacho jeshini.

Mi binti yangu yuko form two, mrefu, ana miguu mirefu ya ukoo wa baba yake, mwalimu wake wa michezo akamuweka kwenye viunzi kwa sababu ya huo urefu tu, hakuna mtu aliyemuelekeza chochote. Vile viunzi vya shule vilikua bomba la chuma limechomelewa, kizito balaa, akarudi nyumbani ugoko umechanika. Tukampeleka jimu moja mjini ya bei mbaya, kijana wa pale akawa anamrukisha maboksi juu chini juu chini mpaka goti likaanza kuuma. Kwahiyo nilipoambiwa kuna mzee wa jeshi anafundisha viunzi nikajua tunaenda kuua mtoto kabisa aisee, mana mi jeshi najua ni kupiga kelele na pushapu.

Nikakuta mzee amekaa juu ya tairi la gari ameupa uwanja mgongo. Watoto wanakimbia nyuma yake na yeye anaangalia barabarani, nikajisemea haya hela yangu imeshaliwa. Mara anasema bila kugeuka, "Wewe wa tatu, umepiga nne." Binti wa watu akasimama akakubali, kweli kati ya kiunzi na kiunzi alipiga hatua nne badala ya tatu. Mzee anasikiliza miguu jamani! Viunzi vya mita 100 vya wasichana unatakiwa upige hatua tatu kati ya kimoja na kingine, na kutoka mstari wa kuanzia hadi cha kwanza ni hatua 8, sasa ikiwa mdundo umevurugika hata ukiwa na mbio za swala utafika kwenye kiunzi na mguu ambao sio wako wa kurukia. Yeye anausikia huo mdundo kwa masikio kabla hajautazama kwa macho.

Nikamuuliza hiyo kitu kaipata wapi akacheka, akasema kwenye gwaride mama. Miaka yote ile ya kwata unasikia buti mia zinapiga chini kwa pamoja na moja ikichelewa sajini anaijua ni ya nani. Ndo nikaelewa kwanini huyu mtu ni tofauti na makocha wengine ambao wanapiga filimbi na kusema ongeza spidi ongeza spidi.

Kuhusu ufundishaji wenyewe niseme vizuri mana hapa ndo hela inapoenda. Mtoto mpya hagusi kiunzi cha kawaida. Anaanza na koni zimelazwa chini, alafu mabomba ya plastiki ya maji, yale meupe ya mafundi, amekata na kuunganisha vizuri, urefu wa chini ya goti. Umbali nao anaupunguza, kwenye mashindano ya wasichana wakubwa kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 8.5 na kutoka mstari hadi cha kwanza ni mita 13, sasa mtoto wa form one akiwekewa huo umbali atalazimika kuvuta hatua na atakariri makosa. Kwahiyo yeye anasogeza viunzi karibu mpaka hatua tatu zitoke zenyewe, alafu kila wiki chache anavisukuma kidogo kidogo nyuma. Urefu hivo hivo. Wasichana wakubwa wanaruka sentimita 83.8, wa chini ya miaka 18 ni 76.2, wavulana wakubwa wa 110 ni sentimita 106.7 ambayo kwangu mimi inakaribia kifuani, na wavulana wa chini ya miaka 18 ni 91.4. Anavyo vya urefu wote, vingine kavichongesha kwa fundi wa hapa hapa Arusha kwa hela yake ya kiinua mgongo, na mke wake bado hajamsamehe (kaniambia mwenyewe huyo mama, anauza chapati pale getini, chapati nzuri sana hizo).

Alafu kuna hili ambalo naomba walimu wa michezo mlisome. Kiunzi kina miguu, na ile miguu inatakiwa ielekee kule anakotokea mkimbiaji, ili akikigonga kianguke mbele kimuache aende zake. Ukikigeuza hakianguki, anayeanguka ni mtoto. Mi sikuwahi kujua, na binti yangu anasema shuleni walikua wanaviweka vyovyote tu! Na kugonga kiunzi sio kosa, unaruhusiwa uvigonge hata vyote 10 mradi hujafanya makusudi na mguu wako haujapita pembeni ya kiunzi kwa chini. Afande anawaambia hilo siku ya kwanza kabisa, kwa sababu mtoto anayeogopa kugonga anaruka juu sana, akiwa hewani hakimbii, anapoteza muda. Viunzi viko 10, ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye kila kimoja umeshaacha sekunde nzima, na sekunde nzima kwenye mita 100 ni sawa na kuwa wa mwisho. Kwahiyo anataka nyonga ipite juu kidogo tu, mguu wa mbele ushuke haraka, ule wa nyuma uje kwa pembeni umekunjwa. Wanafanya hilo zoezi la mguu wa nyuma wakiwa wanatembea, wameshika uzio, dakika nyingi mpaka inaboa kuangalia. Watoto wengine wanaacha hapo hapo. Yeye habembelezi mtu.

Goti la binti liliacha kuuma. Sisemi amekua bingwa, bado kwenye mashindano ya shule anapitwa, lakini anapiga tatu zake mpaka mwisho na kiwango cha kuogopa kimeisha kabisa, na mi kama mzazi hela yangu naiona.

Haya sasa turudi kwenye hili la jeshi, mana wazazi tunamkosea huyu mzee. Toka Simbu achukue dhahabu ya dunia pale Tokyo Septemba 2025 kwenye marathon, ile ya saa 2:09:48 ambayo yeye na Mjerumani waliandikiwa muda mmoja na tofauti ikawa sehemu 3 za mia za sekunde, hapa Arusha kila mzazi mwenye mtoto mwenye miguu anaona ajira. Simbu ni mjeshi, anafanyia mazoezi huku kwetu, tunamuona barabarani. Na kabla yake Filbert Bayi wa Karatu naye alikua jeshini, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.2. Juma Ikangaa naye mjeshi alishinda New York 1989 kwa 2:08:01. Kwahiyo hesabu ya mzazi inakua rahisi, mtoto akimbie, jeshi limchukue, mshahara, bima, nyumba, mambo yameisha.

Siku moja baba mmoja akamuuliza Afande waziwazi mbele yetu sote, kijana wangu akijua viunzi atapata jeshi? Mzee akamjibu kwa kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea.

Akasema yeye aliingia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, akiwa bingwa wa mkoa, kijana mdogo, anajua kabisa kwamba viunzi ndo vitambeba. Kuruta ni kuruta. Miezi ile ya mwanzo hakuna aliyemuuliza anakimbia nini, walimuuliza kama anaweza kulima na kama anaweza kusimama usiku kwenye lindo bila kusinzia. Baadae alipoingia JWTZ na kupelekwa kikosini, timu ya kikosi ilitaka watu wa mbio ndefu, mbio za nyika na mpira wa miguu. Mtu wa viunzi anahitaji traki, anahitaji viunzi vyenyewe 10 na mtu wa kuvipanga, sasa nani atapanga viunzi 10 kwa ajili ya askari mmoja? Mwenye mbio ndefu yeye anahitaji barabara tu na barabara zipo.

Vikwazo vilikuwepo lakini vya jeshi. Ukuta wa kupanda, shimo, magogo, senyenge, na wewe una buti na silaha mgongoni. Akasema watu walidhani atakua mfalme pale, na kweli alikua anapita haraka, lakini ndo palipomuharibia. Kwenye vile vikwazo unaruka ili upite, ukishapita umemaliza kazi, unatua na miguu miwili unashusha pumzi. Kwenye viunzi unatakiwa utue tayari unakimbia. Mwili ukajifunza ule mtindo mwingine, na akipewa nafasi ya kushindana kwenye michezo ya majeshi, ile ya BAMMATA, anajikuta anaruka juu anatua mzito. Misimu michache, alafu msuli wa nyuma ya paja ukachanika akiwa amefika kiunzi cha saba, na hapo habari ya mbio ikaishia. Kazi aliyoifanya miaka yote iliyobaki ni udereva wa malori ya jeshi na baadae kufundisha kwata. Alienda Darfur kwenye ulinzi wa amani, hilo alilitaja kwa neno moja tu na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Yule baba akauliza kwahiyo unajuta? Mzee akasema hapana, jeshi limenisomeshea watoto, mi nakujibu ulichoniuliza. Jeshi litamchukua kijana wako kwa sababu zake lenyewe, viunzi avifanye akiwa anavipenda.

Mi nilimpenda hapo hapo. Kuna makocha hapa mjini wanakula hela za wazazi kwa ahadi hiyo hiyo ya ajira, wanasema wana watu kambini, lete laki tatu ya kufanikisha. Huyu anakwambia ukweli na anajua kabisa anaweza kupoteza mteja. Na alimpoteza kweli, yule baba mwezi uliofuata hatukumuona.

Ila nilimbishia kidogo, mana mi nae mbishi. Nikamwambia mbona majirani zetu viunzi vimetokea kwenye vyombo vya dola. John Akii-Bua wa Uganda alikua polisi na alichukua dhahabu ya Olimpiki Munich 1972 kwenye viunzi mita 400, yuko njia ya kwanza ya ndani kabisa ambayo kona zake ni kali, na akaweka rekodi ya dunia 47.82. Nicholas Bett wa Kenya naye polisi, alikua bingwa wa dunia Beijing 2015, yeye alikimbia njia ya 9 ya nje kabisa, 47.79, Mungu amrehemu ajali ilimchukua 2018. Afande anawajua wote hao kwa moyo, kumbe Akii-Bua ndo alikua shujaa wake toka shuleni. Akanijibu kwamba ndo maana saivi anawahamishia wengi kwenye mita 400, kwa sababu sisi watu wa huku juu pumzi tunazo, mji wenyewe uko kwenye mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na mbio za 400 kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, pale kinachohitajika ni pumzi na kujua kuhesabu ukiwa umechoka. Viunzi vyenyewe ni vifupi, 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Alafu akanikumbusha kitu ambacho nilikua sijawahi kukifikiria, kwamba Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote fedha, zote Moscow 1980, na moja kati ya hizo ni ya Bayi kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji. Vile ndo havianguki kabisa ukivigonga. Kwahiyo msituambie Watanzania kuruka hatuwezi, hilo alilisema kwa sauti ya gwaride hadi watoto wakageuka.

Mabaya yapo na nayasema. Choo ni shida kubwa, vyoo vya shule vinafungwa jioni na inabidi watoto waombe kwa jirani, kwa wasichana hii sio sawa na nimemwambia. Sehemu ya kubadilisha nguo hakuna. Huduma ya kwanza ni kiboksi cha barafu na bandeji, kwahiyo mtoto mwenye pumu au tatizo lolote mwambie mapema na umpe dawa zake mkononi. Masika usimpeleke kabisa, uwanja ni wa udongo na nyasi, ukilowa unateleza, na mzee mwenyewe akiona mvua anahairisha kwa kutuma voisi kwenye grupu la wazazi saa 11 alfajiri, simu zote ndani zinalia. Hela hairudishwi kwa siku za mvua, anafidia siku nyingine akipenda yeye.

Na muda. Saa 12 na nusu ni saa 12 na nusu, ukifika na dakika tano zaidi umeshaanza kubeba viunzi kuvirudisha stoo wenzako wakimaliza, hiyo ndo adhabu yake pekee, hachapi wala hapigishi pushapu. Kuna mama alikuja juu akasema mwanangu sio kuruta, mzee akamsikiliza mpaka mwisho akasema sawa mama, basi mlete mapema. Mi naona yuko sahihi ila kama we ni mtu wa foleni ya Kijenge kila siku ujue utaumia.

Hapo mwanzo pia hakukua na mwanamke anayesaidia, wasichana wanasahihishwa mkao wa nyonga na mzee wa kiume, yeye hamgusi mtoto, anaelekeza kwa fimbo ya ufagio kwa mbali, lakini bado wazazi wengine tulikua hatuko huru. Saivi kuna dada amemaliza form six, alikua mwanafunzi wake, anasimamia wasichana siku za Alhamisi na Jumamosi. Afadhali.

Nani aende: mtoto ambaye tayari anapenda mbio na ana uvumilivu wa kurudia kitu kimoja mara nyingi. Nani asiende: anayetaka kupungua mwili, anayetaka cheti, na mzazi anayetafuta mlango wa ajira. Wavulana wakorofi ambao mnadhani mwanajeshi atawanyoosha msiwalete pia, alishasema yeye sio jela, na wa namna hiyo anawarudisha wiki ya kwanza na hela anarudisha yote.

Spaiki sio lazima kwa miezi ya mwanzo, raba nyepesi yenye soli nyembamba inatosha, za mtumba zipo kibao soko la Kilombero kwa elfu 15 hadi 25 ukijua kubagaini. Mpe maji ya kutosha na trakisuti, mana Jumamosi asubuhi mwezi wa 7 baridi ya hapa mnaijua wenyewe. Kumpata hana bango wala ukurasa, we nenda Jumanne jioni kuanzia saa 10, ulizia kwa mama wa chapati getini, na ukishaonana nae omba mtoto ajaribu siku moja bure kabla ya kulipa, huwa anakubali.